Fundi Mihayo na Usukani wa Specioza

Tarehe 30 Juni mwaka huu Fundi Mihayo Bujiku anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana ya shirika letu la afya vijijini, hapa Bariadi. Alianza na pikipiki mbili na spana za kuazima. Wengi mnamjua kwa "mwangaluka" yake, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ambayo aliitoa hadi saa tisa alasiri. Mimi nitamkumbuka kwa baiskeli.

Miaka mitatu iliyopita tulipokea baiskeli za kukunja, za wahudumu wanaopanda basi hadi Nyashimo kisha wanaingia vijijini kuchanja watoto. Muuguzi Specioza ni mrefu kutuzidi wote. Usukani ulikuwa chini mno kwake. Aliendesha ameinama, mgongo ukauma, vidole vikafa ganzi. Mwishowe akauvuta juu, ukapita alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba linaloushikilia. Mihayo alipoona, aliichukua baiskeli bila kuomba.

"Bomba limebaki kidogo mno humo ndani," alimwambia. "Litachomoka ukiwa kwenye mteremko."

"Basi nihamishieni ofisini," Specioza akajibu kwa hasira. Barua ya kuomba uhamisho alikuwa ameshaipeleka.

Mihayo akatafuta bomba la chuma, nene na refu zaidi kwa sentimeta kumi na mbili. Nyaya za breki nazo akaweka ndefu, maana za zamani zisingefika. Alipoijaribu mwenyewe, usukani ulizunguka mikononi, akaanguka mbele ya ofisi nzima. Tulicheka. Yeye alijipangusa vumbi akarudi karakanani, akatengeneza kibanio kipya cha kulikaza bomba, kisha akaiendesha siku tatu na gunia la mahindi nyuma kabla ya kumkabidhi Specioza.

Specioza alizunguka uwanja mara mbili, mgongo umenyooka. Kisha akaenda kwa katibu kuomba arudishiwe barua yake ya uhamisho. Hadi leo vijiji vile anavihudumia yeye.

Wiki iliyopita Mihayo alimwita karakanani, akamkabidhi spana, akakaa kwenye kigoda mikono kifuani. Specioza aliufungua usukani wote, akakagua kutu, akaurudisha. Ilimchukua saa nzima. Mihayo hakugusa kitu. Nati ya mwisho ilipokazwa, aliinuka na kusema, "Sasa naweza kurudi nyumbani Mwandoya kulima."

Wabeja sana, asante sana, Fundi. Nenda ukapumzike na familia yako, uwe na afya, na pamba yako izae vizuri.