Bi Ambika Warrier, Aliyekataza Makosa Yasinyamazishwe

Baada ya miaka ishirini na saba nasi hapa Thiruvananthapuram, Bi Ambika Warrier anastaafu tarehe 31 Mei. Wahandisi wameomba sisi wa jikoni tuandike, maana wao wakianza kumsifu hawaeleweki.

Alikuja akiwa binti mwembamba, mwavuli wake mkubwa kuliko yeye. Kazi yake ya maisha ni ile maktaba, si ya vitabu bali ya maagizo ya kompyuta, ambayo programu zetu zote zinaitegemea. Alivyotueleza, ndani yake kuna kazi ndogondogo zinazopokezana. Moja ikisubiri jibu, inakaa pembeni na kuipisha nyingine, kama wapishi wenye jiko moja wasiopigana. Ikianguka, lazima iseme imeanguka, habari impandie aliyeianzisha. Anayelinyamazisha kosa hununulia ofisi nzima ndizi za kukaanga. Meneja wetu, Bwana Cherian, ndiye aliyezinunua mara nyingi kuliko wote.

Mwaka juzi, sikukuu yetu ya mavuno, Onam, ikikaribia, binti yangu Jisha alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Bi Ambika akampa aandike programu ya kuagiza chakula cha sikukuu. Mvua ikachafua mipango, Bwana Cherian akaahirisha karamu na kubonyeza kitufe cha kusitisha, tena na tena. Sasa, kwenye maktaba ile amri ya kusimama huingia kwa mlango uleule wa makosa, na Jisha alikuwa ameandika kwamba lolote likiingia pale likamatwe, linyamazishwe, kazi irudiwe. Kila mara programu ilipoambiwa isimame, ikadhani ni kosa, ikaagiza tena. Asubuhi sufuria za payasamu, ule uji mtamu wa maziwa, zilipanga foleni mpaka kwenye ngazi.

Bwana Cherian, mtu wa kisukari, alisimama katikati ya sufuria akasema Jisha akusanye vitu vyake. Mie nilimwaga chai yote kwenye sinia. Nilijua kazi kama ile hatapata tena. Ndipo Bi Ambika akatokea na bakuli, anakula.

"Cherian, kazi hiyo nilimpa mimi, na sikumwambia kwamba amri ya kusimama haikamatwi, inaachwa ipite. Kosa linipandie mimi. Ukimfukuza, anza na mimi."

"Dada Ambika, wewe nani atakufukuza?"

"Basi tumemaliza. Na punguza sauti, kaka. Sukari hujaila, lakini presha itakupanda."

Jisha alirekebisha siku ileile huku akilia, Bi Ambika kando yake akimpa payasamu badala ya leso. Mie nikakaanga ndizi. Wiki nzima wenzake walimwita Mama Karamu, na mwezi uliofuata akapata ajira ya kudumu.

Dada Ambika, asante kwa kila uliyemtetea. Tunakuombea magoti yasiyouma, usingizi wa mchana na wajukuu wenye adabu. Jumatatu maktaba inashikwa na Jisha. Kwa hiyo pumzika vizuri, dada yangu, ila simu usiizime.

Thankamma, jikoni