Mwalimu Silvano Wahome Gicheru, Aliyefundisha kwa Kuuliza

Mwalimu Silvano Wahome Gicheru alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gicheru na marehemu Mama Wakonyo. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo, kabla hajamaliza kuota meno, aliuliza mvua inatoka wapi. Alipojibiwa kwamba inatoka mlimani, akataka kujua mlima nao unaipata wapi. Mama alikuwa na mkono mwepesi wa kuongeza chumvi katika hadithi zake, lakini waliokaa na Wahome watakubali kwamba hapo hakuongeza nyingi.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1942, na akabatizwa miaka mitatu baadaye. Januari 1949 alijiunga na seminari ndogo akiwa na nia ya kuwa padre. Huko, padre mmoja mzee kutoka Italia alimfundisha Kilatini na Kigiriki, akampa na habari za Wayunani wa kale. Alimweleza juu ya Thale wa Mileto, ambaye inasemekana alipima urefu wa piramidi kwa kutumia kivuli chake. Alimweleza pia juu ya Sokrate, aliyeshinda sokoni akiwauliza watu maswali mpaka wakagundua kwamba hawajui walichodhani wanakijua. Wahome alipenda kusema kwamba alikuwa njiani kwenda kwa Mungu, Wayunani wakamsimamisha kidogo.

Januari 1954, wakati wa Hali ya Hatari, baba yetu alifariki. Wahome aliacha seminari akiwa na miaka kumi na tisa, akarudi nyumbani kumsaidia mama na wadogo zake wanne. Mdogo wa mwisho, Murugi, ambaye ndiye anawasomea wasifu huu, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Murugi hakumjua baba. Aliyemshika mkono kumpeleka shule siku ya kwanza, aliyemnunulia sare, aliyempiga kibao siku alipodanganya kuhusu mbuzi waliopotea, ni kaka yake huyu. Kwa hayo yote, kibao kikiwemo, anamshukuru leo mbele yenu.

Mwaka 1956 na 1957 marehemu alisomea ualimu, kisha akafundisha shule za msingi kwa miaka minane. Tarehe 22 Agosti 1964 alifunga ndoa na Monicah Watiri, binti ya Mzee Theuri na Mama Warigia wa Kagio. Siku ya kwenda kuzungumza mahari, mjomba alimwapisha njia nzima kwamba asifungue mdomo. Akavumilia mpaka chai ilipoletwa, ndipo akamuuliza baba mkwe, kwa heshima zote, kwa nini mbuzi wanahesabiwa ilhali wema wa binti hauhesabiki. Mzee Theuri aliweka kikombe chini akasema kwamba kwa miaka mingi naye alikuwa akijiuliza hilo. Hata hivyo, mbuzi walihesabiwa.

Januari 1966 wazazi wa Kiamuriga walijenga shule yao ya sekondari ya harambee, wakamwita Wahome awafundishie hesabu na sayansi. Hapo ndipo alipofanya kazi ya maisha yake, na hapo ndipo nusura aipoteze.

Tatizo lilikuwa moja. Mwalimu hakujibu maswali. Ukimuuliza kwa nini maji yanapanda ndani ya mrija, naye atakuuliza wewe unadhani kwa nini, kisha atakuuliza utajuaje kama umekosea. Alisema Wayunani hawakujua mambo mengi tuyajuayo leo, na mengine waliyakosea vibaya. Walichotuachia ni ile tabia ya kukataa kukubali jambo kwa sababu tu mkubwa kalisema, na kutaka lithibitishwe. Sayansi yote, kwake, ilikuwa imechipuka hapo. Walipotokea watu wa kumlaumu kwamba tumepata uhuru na yeye bado anafundisha mambo ya Wazungu, aliwapeleka kwa rafiki yake Sulemani, fundi seremala wa Majengo, Nyeri mjini. Sulemani alikuwa amesikia habari za Sukrati, ndivyo Waislamu wanavyomwita Sokrate, kutoka kwa babu yake, katika chuo cha msikitini, na akawaeleza jinsi Waislamu walivyoitunza elimu hiyo na kuiongeza zamani, kabla ya Ulaya kuamka. Mwalimu alikuwa akimalizia kwamba elimu hiyo imepita mikononi mwa wengi, na sasa ni zamu ya Kiamuriga.

Lakini watoto walianza kuuliza hata nyumbani. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Kihara, ambaye tunashukuru tuko naye hapa leo, aliulizwa na mjukuu wake amejuaje kwamba kupanda siku ya mwezi mchanga kunaleta mavuno. Hakupendezwa. Kamati ikaanza kunong'ona kwamba mwalimu huyu anauliza watoto kwa kuwa hajui. Katika mkutano wa Januari 1968 Mzee Kihara alisema wazi yaliyokuwa mioyoni mwa wengi: "Mwalimu ni wa kujibu. Huyu anauliza watoto. Sasa ni nani anafundisha nani?"

Wakakubaliana aachishwe kazi mwisho wa Februari. Wahome alimwambia Sulemani habari hiyo akicheka, akasema Waathene walimpa Sokrate sumu, kwa hiyo Kiamuriga wamemhurumia sana. Nyumbani hakucheka. Alikuwa na mke, mtoto mchanga, mama, na Murugi aliyekuwa kidato cha pili katika shule hiyohiyo. Murugi alijua kwamba kaka akiondoka, na yeye masomo yamekwisha.

Jumamosi ya tarehe 24 Februari, kamati ilikuja shuleni na barua ikiwa tayari imeandikwa. Siku hiyo pia ilikuwa ya kuangusha mkaratusi mkubwa uliosimama chini ya kilima, ili Sulemani apasue mbao za madawati. Mti ulikuwa umeegemea upande wa darasa jipya, lililoezekwa mabati Krismasi iliyopita kwa jasho la kila mtu. Kutoka kwenye shina hadi ukutani zilikuwa futi sabini. Kama mti haukufika sabini, ungeangushwa hivyohivyo. Kama ulizidi, ilibidi kuupanda na kuukata kipande kwa kipande, kazi ya siku mbili. Sulemani alisema kwa macho ni kama sabini, lakini hawezi kuapa. Mzee Kihara akamgeukia Mwalimu, mbele ya wote, akamwambia aseme mti una futi ngapi. Mwalimu akawageukia wanafunzi wa kidato cha pili.

Wanafunzi walifanya kama Thale. Walisimamisha fimbo ya futi sita kwenye uwanja uliosawazishwa, wakapima kivuli chake, kikawa futi sita. Wakapima kivuli cha mti, ambacho saa hiyo ya asubuhi kilikuwa kimepanda kilimani upande wa magharibi, kikawa futi sitini na moja. Basi mti nao una futi sitini na moja. Mzee Kihara akaridhika, akamwambia Sulemani ainue shoka.

Mwalimu alitembea taratibu hadi kwenye ukuta wa darasa, akauegemea, akiutazama mti.

"Mimi nasimama hapa," aliwaambia wanafunzi. "Nyinyi niambieni kama niko salama."

Mwanakamati mmoja alisema huyu sasa amechanganyikiwa. Wanafunzi walirudia hesabu zao wakazikuta zilezile, na hakuna aliyethubutu kumwambia yuko salama. Murugi alikuwa amesimama nyuma, akimwona kaka yake pale ukutani na barua ikichungulia mfukoni mwa Mzee Kihara. Alijua kaka anajua. Neno moja tu lingemwokoa, na alikataa kulitamka. Murugi alimkasirikia mno, na katika hasira hiyo akakitazama kile kivuli upya. Kilikuwa kimepanda mteremko. Fimbo ilipimwa mahali tambarare. Kivuli kikikutana na ardhi inayopanda, kinakatizwa mapema, kinakuwa kifupi.

Msichana wa miaka kumi na tano hakuwa akimsahihisha mtu mbele ya wazee. Lakini alisema kwa Kiswahili cha darasani, akimtazama Mwalimu peke yake, kwamba fimbo haikuwekwa mahali pake, na kwamba inapaswa kupelekwa kilimani.

Mwalimu alimuuliza atajuaje kama amekosea. Murugi akajibu, "Tupime tena. Lakini wewe toka hapo kwanza."

Fimbo ilipelekwa mteremkoni, wakapima vivuli vyote viwili upya kwa wakati mmoja. Safari hii mti ulitoka na futi sabini na nane. Sulemani aliweka shoka chini bila kuambiwa. Alipanda, akaukata kwa siku mbili, na Jumatatu vipande vilipopangwa na kupimwa kwa kamba, vilifika sabini na saba na ushei.

Mzee Kihara akamuuliza Mwalimu, kama alikuwa anajua, kwa nini hakuwaambia watoto.

"Ningewaambia," Mwalimu alisema, "wangejua mti mmoja tu."

Barua ile haikutoka mfukoni. Marehemu alifundisha Kiamuriga kwa miaka kumi na tisa zaidi. Madawati ya mkaratusi ule yamekaliwa na wauguzi, walimu, wakulima, mafundi wa redio na mpima ardhi mmoja anayesimama hapa sasa akiwasomea. Wengi wenu mmekuja leo kwa sababu siku moja mtu huyu alikataa kuwajibu, mkamchukia wiki nzima, kisha mkajua wenyewe. Kwa niaba yenu, na kwa niaba yake mwenyewe, Murugi anasema asante.

Machi 1987 marehemu alianza kuumwa tumbo, na Juni madaktari wakagundua saratani. Alilazwa mara tatu katika hospitali ya mkoa Nyeri, na familia inawashukuru wauguzi kwa uvumilivu wao, hasa yule aliyeulizwa kila sindano inafanya kazi gani. Desemba aliomba arudishwe nyumbani. Mke wake, Watiri, alimlisha kwa kijiko, akamgeuza, akamwimbia, na hakuna siku tuliyomsikia akilalamika. Wifi, tumeona, na Mungu ameona.

Jumapili tarehe 7 Februari mwaka huu wa 1988 alipokea mpako wa wagonjwa. Mchana Mzee Kihara alikuja, akitegemea mkongojo, akakaa kando ya kitanda. Walikuwa marafiki kwa miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote mzee alikuwa hajawahi kumuuliza Mwalimu swali tena, akihofia kuulizwa yeye. Siku hiyo aliuliza. Alisema kwamba yeye pia ni mzee sana sasa na njia ni hiyohiyo moja.

"Mwalimu, wewe umesoma ya Wayunani na ya kanisa. Huko tunaenda, kukoje?"

Mwalimu alifumba macho, tukadhani amelala.

"Sijui, Kihara," alisema. "Nitauliza nikifika."

Mzee alimshika mkono, akasema hilo ndilo jibu la kwanza la moja kwa moja amewahi kupewa na mwalimu huyu, na limemtosha. Mwalimu alicheka kwa mara ya mwisho. Alifariki Jumanne tarehe 9 Februari, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mke, Monicah Watiri, watoto wanne, Gicheru, Wakonyo, Theuri na Warigia, mjukuu mmoja aliyeanza juzi kusema "kwa nini", wadogo wanne, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Bwana ampe pumziko la amani, na amvumilie kwa maswali.