Mzee Munguti Ndolo, Aliyeonyesha Watu wa Noonkopir Mipaka Yao

Tumekutana hapa Noonkopir kumsindikiza baba yetu, Mzee Munguti Ndolo. Mimi ni Ndanu, kifungua mimba wake. Karatasi hii nimeiandika mara tatu kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe nitaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mbooni, mtoto wa pili wa Mzee Ndolo na Mama Mbeke. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1967 karo ilipokosekana. Sehemu yake ya shamba alimwachia mdogo wake, akisema kwao kutakuwa pale atakapojenga.

Mwaka 1979 aliajiriwa na wapima ardhi, kazi ya kuvuta mnyororo na kuchimbia bikoni, yale mawe ya mipaka. Wakati huo Kitengela, mji wetu huu, ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, ng'ombe wa Wamaasai, na pundamilia waliopita walikotaka. Mbele ya macho yake mbuga ikawa mashamba, mashamba yakawa ploti, ploti zikawa ghorofa. Watu wa Nairobi walihamia kutafuta nafasi, wakaijaza. Maji yalikuja kwa punda, na hata leo kuna siku yanakuja kwa punda. Mwaka 2004 jirani yetu Wamaitha, Mama Cate, aliingiliwa ua na mtu wa upande wa pili. Baba alikwangua murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, mchana kutwa hadi bikoni ikaonekana, na ua ukarudishwa.

Alifunga ndoa na mama yetu, Nzula, tarehe 18 Desemba 1976. Mwaka 1988 walinunua ploti hii. Kwenye kona ya nyuma baba alipanga mawe manne, akatuita sote. "Hapa ni yangu ya kulala," alisema. "Msiguse."

Mwaka 2021 kisukari kilimzidi, akakaa Bisil kwa dada yangu miezi minane. Sisi huku nyuma tukajenga ghorofa nne za kupangisha, ukuta kwa ukuta. Penye yale mawe manne tukachimba shimo la maji taka, kwa kuwa fundi alisema hakuna pengine. Baba aliporudi alilizunguka jengo polepole na fimbo yake, akauliza swali moja tu.

"Na mimi mtaniweka floor ya ngapi?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Hakuuliza tena, na hakuna kati yetu aliyemwomba msamaha hadi alipofariki hospitalini mjini Kajiado, Jumanne tarehe 4 Februari 2025.

Siku tatu tulihangaika kutafuta pa kumzika. Mbooni tuliona haya hata kupiga simu. Ndipo Mama Cate akaja, akakaa na mama, na hakutulaumu.

"Hapo kwa sukuma ndio alinirudishia," alisema, akionyesha mboga zake kando ya ua. "Alale hapo."

Kwa hivyo leo, ndugu na majirani, baba yetu anazikwa kwa watu, na wanawe wana ghorofa nne. Tumeona aibu, na ni haki mtuone nayo.

Ameacha mjane, Nzula, watoto, Ndanu, Muteti na Mbeke, wajukuu saba, na jirani, Wamaitha, aliyemfaa kuliko sisi. Apumzike kwa amani, hatua mbili ng'ambo ya bikoni aliyoifukua kwa mikono yake.