Mama Chupa na Gari Lililoliwa na Kutu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa maabara yetu ya maji atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Kwenye faili ana jina refu la heshima, lakini humu ndani, na kwenye kila kisima alichokipima, anajulikana kwa jina moja tu: Mama Chupa. Alilipata mwezi wake wa kwanza, alipoajiriwa kuosha chupa za sampuli. Inasemekana mkuu wa wakati ule aliinua moja dirishani, ikang'aa hata akadhani mkono wake ni mtupu.

Kutoka kwenye karai la kuoshea akasoma masomo ya jioni, akawa msaidizi, kisha mpimaji, na kwa miaka tisa iliyopita amekuwa mkuu wetu. Kabla yake, majibu ya vipimo yalikuwa yakilala kabatini hadi yanakuwa ya manjano. Yeye alisema maji ni ya mnywaji, kwa hiyo na majibu ni ya mnywaji. Leo kila kisima tunachokipima kina ukuta wenye maandishi makubwa ya rangi: yanafaa, au chemsha kwanza, au usinywe. Kuna mkandarasi mmoja aliyewahi kumfuata ofisini na maneno matamu, akitaka neno "usinywe" lilainishwe kidogo kwa kuwa sherehe ya uzinduzi ilikuwa keshokutwa. Mama Chupa alimsikiliza mpaka mwisho, akamimina maji ya kisima hicho kwenye glasi safi, akamkaribisha. Mkandarasi alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Ningeweza kuendelea na mambo ya namna hii hadi ukurasa uishe. Lakini nilipomwendea kumwuliza niandike nini kwenye makala haya ya kumuaga, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye darubini: "Andika la gari. Lote. Usinipambe." Amesoma kila mstari kabla haujapigwa chapa. Alifuta sifa mbili na kuacha lawama zote.

Basi, la gari.

Wafanyakazi wa siku nyingi wanalikumbuka lile gari refu la kijani, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, ambalo tulikuwa tukiliita Nyati. Lilipita penye matope, penye mawe, na mara nyingine pasipo na njia kabisa. Dereva wake tulimwita Breki, kwa sababu alikuwa akizikanyaga kabla abiria hajaona sababu, na sababu ikatokea kweli. Yeye na Mama Chupa walizunguka pamoja miaka mingi, wakiitana kaka na dada, mmoja akishika usukani na mwingine akishika sanduku la sampuli lisitikisike.

Mwaka wa sita wa Mama Chupa kazini, wakirudi kutoka visima vinane, kazi ya kutwa nzima, sakafu ya nyuma ya gari ilitoboka. Sanduku likadondoka barabarani na chupa zote zikavunjika. Kamati ikaundwa. Ikaandika kwamba dereva alizembea kuosha gari baada ya safari za matope, ndiyo maana kutu ikala bati. Breki akapewa barua ya onyo. Nafasi ya mkuu wa madereva, aliyokuwa ameshaahidiwa, akapewa mtu mwingine. Sakafu ikazibwa kwa kipande cha bati na kazi ikaendelea.

Mama Chupa alijua bati lililiwa na nini. Nyuma ya gari alikuwa akiweka ndoo ya unga wa klorini, dawa ya kusafishia visima. Mfuniko wake ulipasuka, akaambiwa na stoo abadilishe ndoo, naye akaona uvivu, akaufunga kwa mfuko wa plastiki na kamba. Miezi ikapita. Unga ule ukichanganyika na unyevu hula chuma kama mchwa anavyokula mbao. Mbele ya kamati aliulizwa swali moja tu: je, dereva huosha gari? Akajibu, "Mara nyingine haoshi." Ilikuwa kweli. Akaishia hapo. Wakati ule alikuwa bado wa mkataba, anangoja barua ya kuthibitishwa kazini, na nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga.

Ananiambia kwamba "usiseme uongo" ni somo la watoto. Somo la watu wazima ni kutoikata kweli katikati.

Miaka ikaenda. Breki akastaafu akiwa dereva wa kawaida. Nyati naye akachoka, akasukumwa nyuma ya nyumba ya jenereta, majani yakaota hadi yakachungulia dirishani. Miaka mitano iliyopita gari likapigwa mnada pamoja na meza mbovu na mashine za kuchapa. Mnadishaji alipolitaja, alipunguza sauti kama anayetoa pole. Mkono mmoja ukainuka, wa Mama Chupa. Tulicheka, nakiri, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka sana. Hakuwa hata na leseni ya kuendesha.

Gari lilifika kwake juu ya lori, na ikabidi geti ling'olewe bawaba ndipo lipite. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache na uzi mdomoni. Aliacha mashine yake, akatoka, akalizunguka gari mara mbili, akatema uzi. "Wengine huletewa mke mwenza," akasema. "Mimi nimeletewa mume mwenza. Tena mzee kuliko mimi." Akarudi ndani kumalizia suruali ya mteja.

Kila Jumamosi asubuhi Mama Chupa alivaa ovaroli na kujifungia uani na brashi ya waya, msasa na kitabu cha ufundi kisicho na kurasa za mwanzo. Alifanya kazi kama tunavyofanya maabara. Kila boliti iliyotoka aliiweka kwenye chupa ya zamani ya sampuli na kuibandika karatasi: "mlango wa kushoto, bawaba ya juu, imechoka." Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliona rafu nzima ya chupa hizo akauliza kama ni dawa.

Baada ya miezi miwili alikwama. Kila alipokwangua, chini ya kutu palikuwa na kutu nyingine, na hakujua chuma kizima kinaanzia wapi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, ananiambia, ndilo alilolinunulia gari, ila hakuwa amejiambia hivyo. Alikwenda kumwita Breki.

Breki alikuja akiongozwa na binti yake, ambaye ni muuguzi. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu. Hakuhitaji zaidi. Alitoa bisibisi mfukoni, akaishika kwa upande wa chuma, akaanza kugonga kwa mpini kuanzia bampa ya mbele, sikio limeinama.

"Sikiliza, dada. Chuma kizima hulia. Kilichooza hukohoa."

Akaenda naye hivyo pande zote. Fremu ilikuwa ikilia karibu kote, isipokuwa pale springi ya nyuma inaposhikia. Milango ilikuwa na kikohozi cha kupona. Sakafu ya nyuma ilikuwa na kikohozi kibaya. Breki akapiga magoti, akang'oa kile kiraka cha zamani, akapitisha vidole ukingoni mwa tundu polepole, akazunguka nalo hadi alipoanzia. Mkono ukasimama.

"Dada," akasema, "matope hayachori duara."

Mama Chupa alikuwa na hotuba aliyoiandaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliiacha yote. Alikaa juu ya tairi.

"Ni ndoo yangu, kaka. Mfuniko ulipasuka nikaufunga na mfuko. Nilijua, na nikanyamaza."

"Nilijua tangu siku ile. Klorini nilikuwa nainusa kila nikifungua mlango."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekufukuza. Wewe ulikuwa hujathibitishwa. Mimi wangenionya tu. Nikapima, nikaona onyo ni afadhali." Akapangusa vidole kwenye suruali. "Lakini nilikungoja uje. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku. Halafu nikaacha. Lililoniuma ni hilo, si barua."

Akamwomba binti yake amrudishe nyumbani. Chai aliyoandaliwa ilipoa kwenye kikombe.

Jumatatu iliyofuata Mama Chupa aliandika barua kwa ofisi kuu, kurasa mbili kwa mkono, akaeleza ndoo, mfuniko, mfuko wa plastiki na jibu lake mbele ya kamati. Akaomba onyo la dereva lifutwe. Barua aliipeleka mwenyewe, akasubiri ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakati huo alikuwa mkuu wa maabara, na alijua mkuu wa maabara anayekiri kuficha jambo anaweza kuulizwa ameficha mangapi mengine. Aliulizwa. Majibu yake ya miaka yote yalitolewa kabatini na kukaguliwa kwa wiki tatu na watu wa nje. Hawakukuta tarakimu iliyoguswa. Hata hivyo alipewa onyo la maandishi, yeye mwenyewe, akiwa na nywele za mvi.

Wengine mmeniuliza kwa nini jina lake halikuwemo kwenye orodha ya tuzo za utumishi uliotukuka. Sababu ni hiyo, na ndiye aliyetaka isifichwe.

Katika wiki hizo zote Breki hakutia mguu uani. Mama Chupa aliendelea kukwangua peke yake. Mumewe, ambaye hakuwahi kuambiwa habari ya ndoo mpaka siku ile ya kiraka, alikuja Jumamosi moja akasimama mlangoni. "Ulikaa na hili ndani ya nyumba yangu miaka yote hiyo?" Akajibiwa ndiyo. Akachukua msasa wa pili, akaanza upande wa pili wa mlango.

Barua ya kumsafisha dereva ilitoka mwishoni mwa mwezi wa pili tangu Mama Chupa aandike. Ilipelekwa kwake na ofisa, na binti yake akamsomea. Akaomba asomewe tena. Mara ya tatu aliomba mstari mmoja tu, ule usemao kwamba dereva hakuhusika. Kisha akainuka, akaenda kulala mapema, akalala kama mtu aliyeshushwa mzigo wa gunia.

Jumamosi iliyofuata mlango wa uani uligongwa kwa mpini wa bisibisi.

"Bati halijikati lenyewe," Breki akasema. "Hodi."

Mama Chupa alifungua, akasogea kando. Breki akapita tu, mkono mbele, akalitafuta gari mpaka akaligusa.

Walifanya kazi hiyo miaka miwili. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili alikata sakafu nzima ya nyuma na kuweka mpya, Breki akiigonga kila kona kabla ya kumruhusu kuzima mashine. Fremu ilipakwa rangi ya kuzuia kutu mara tatu. Nozeli za dizeli, zile zinazonyunyizia injini mafuta, zilitolewa, zikasafishwa, zikarudishwa. Injini ilikataa Jumamosi nne, na siku ya tano ilikohoa moshi mweusi uliowafukuza wote uani, kisha ikatulia ikaunguruma. Breki aliweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo muda mrefu. Mumewe Mama Chupa alishona viti kwa turubai, na kiti cha dereva msaidizi alikipimia mgongo wa Breki kwa tepu yake, kama anavyompimia mteja koti. "Ukitaka mfuko, shemeji, sema sasa," akamwambia. Breki akataka mfuko, wa miwani asiyoitumia tena. Akashonewa.

Katika miaka hiyo hiyo Mama Chupa alijifunza kuendesha. Alifaulu akiwa na miaka hamsini na sita, mara ya tatu, na mtahini alimsifu kwa uangalifu na kumlaumu kwa uangalifu uliozidi. Siku ya kwanza ya kutoka na Nyati, Breki alikaa kiti chake kipya. Walipofika kilimani injini ikaanza kulalamika.

"Gia ya pili, dada. Usilibebe. Liache lipande lenyewe."

Likapanda.

Mimi nimefanya kazi chini ya mama huyu miaka kumi na miwili. Alinifundisha kuandika jibu kama lilivyo hata likinifanya nionekane mjinga, na nilidhani hilo kwake ni tabia ya kuzaliwa. Sasa najua tabia hiyo aliinunua kwa gharama, na naithamini zaidi. Wapimaji wachanga wa maabara yetu wamesikia habari hii kutoka kinywani mwake mwenyewe, na tangu hapo tumeona makosa madogo yakiripotiwa siku hiyo hiyo yanapotokea. Sijui tuzo gani ingefanya hivyo.

Mama, ofisi inakushukuru kwa watu ambao hawakuugua na hawatajua kamwe kwamba wangeugua. Tunamshukuru mumeo kwa kukuazima kwetu, na Mzee Breki kwa kukurudisha salama kila jioni. Amka sasa saa uitakayo. Chelewa unapotaka kuchelewa. Wajukuu wakusumbue, wageni wakuzoee, na afya isikutoke. Mlango huu hauna siku utakayobisha ukaambiwa subiri. Uishi vizuri, mama yetu, na uishi sana.