Hakikisha, Mzee Aliyelaza na Kuamsha Magari ya Askari

Marehemu tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 7 Machi 2024, alikuwa na majina matatu kwenye kitambulisho, lakini kambini, mtaani na hata nyumbani aliitikia moja tu: Hakikisha. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, mtoto wa tatu kati ya watano. Keshokutwa angetimiza miaka sabini na mitatu. Mama yao alisimulia kwamba wasiwasi ulimwanza kabla ya meno: ukimlaza, alifumbua jicho moja kuangalia kama mlango umefungwa. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alilala naye kitanda kimoja kwa miaka minane na anathibitisha kwamba jicho hilo halikuwahi kufumba sawasawa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Alikuwa na kichwa chepesi na roho juu juu. Siku ya mtihani wa hesabu wa darasa la sita alinyanyuka katikati ya swali la nne, akatoka mbio hadi nyumbani kuangalia kama baba amezima jiko la kuyeyushia gundi. Lilikuwa limezimwa. Akarudi, akachapwa, akakaa, akafaulu. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu atafika mbali iwapo ataacha kugeuka nyuma. Alimaliza kidato cha pili mwaka 1968.

Tarehe 3 Juni 1970 alijiunga na jeshi, akawekwa kikosi cha usafirishaji. Alikuwa dereva wa malori kwa miaka ishirini na minne, akapanda hadi cheo cha sajini. Kabla ya kuwasha lori alilizunguka mara mbili na kuligonga kila tairi kwa kisigino cha buti. Wenzake walimcheka, kisha wakajikuta nao wanagonga.

Mwaka 1978 alimwoa mshonaji wa sare za kikosi, ambaye leo ni mjane wake. Mama huyu anakumbuka kwamba siku ya harusi bwana harusi alishika mfuko wa koti mara kumi na saba kuhakikisha pete ipo. Mama alihesabu, maana hakuwa na la kufanya, alikuwa anasubiri mkono wa kushika. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Jambo lililoyageuza maisha yake lilitokea Agosti 1986. Dereva mwenzake na rafiki yake wa chanda na pete, waliyemwita Kijiko kwa wembamba wake, alirudi kutoka kazini nje baada ya miezi kumi. Kabla ya kuondoka, Kijiko alikuwa ameiomba kampuni ya bima isimamishe bima ya gari lake dogo. Jambo hilo askari wanaruhusiwa: gari likikaa bila kutembea, linabaki na kinga ya wizi na moto tu, na akirudi anatoa taarifa bima irejeshwe kabla hajaligusa. Miezi kumi ni mingi. Kijiko alifika, akaona stika kwenye kioo bado ina miezi minne, akawapakia watoto kwenda kuwanunulia viatu. Kwenye kona ya pili alimgonga seremala aliyekuwa kwenye baiskeli. Seremala alivunjika nyonga na hakushika randa tena. Kampuni ilisema, na ilikuwa kweli, kwamba gari halikuwa na kinga ya barabarani siku ile. Hakikisha alikwenda naye hospitali kila Jumapili kwa mwaka mzima, na kila Jumapili Kijiko alirudia neno moja, "Stika nilikuwa naiona. Nilikuwa naiona kabisa." Marehemu hakulisahau.

Kwa hiyo alipostaafu mwaka 1994 hakufungua duka wala kufuga kuku kama alivyoshauriwa na kila mtu, akiwemo msomaji huyu. Mwaka uliofuata alikubaliwa na kampuni ya bima kuwa wakala, akaweka meza, viti viwili na kabati la chuma katika chumba kidogo kando ya lango la kambi. Wateja wake walikuwa askari waliopo kazini na wastaafu. Wastaafu aliwasumbua zaidi. Aliwaambia uso kwa uso kwamba mtu aliyeendesha kwenye msafara miaka ishirini, huku wengine wakimpisha, hajui kuendesha barabara ya raia, na asidhani nishani italipia taa za jirani alizozivunja.

Ila kazi aliyoipenda ni ile ya wanaosafiri. Yeye ndiye aliyeiita kulaza na kuamsha. Askari akiondoka, gari linalazwa. Akirudi, linaamshwa, na lisipoamshwa haliwashwi, si na mwenyewe, si na mke, si na shemeji anayelitoa kwenye jua tu. Alikuwa na daftari kubwa la mistari. Safu moja aliandika Limelala, ya pili Limeamka, ya tatu Sababu. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna gari la mteja wa daftari lile lililotembea likiwa limelala.

Alikosea mara moja tu, na kosa lilikuwa la herufi. Mwaka 2006 alimlazia gari koplo mmoja aliyekuwa nje, akamtumia mke wake ujumbe wa simu. Alikusudia kuandika "Limelala". Kidole gumba chake kinene kikaandika: "Amelala leo saa nne asubuhi. Usiwe na wasiwasi, kila kitu kimeandikwa." Jioni alipopita kwao kupeleka karatasi alikuta viti vimepangwa uani na majirani wamejaa. Mwanamke yule akamshika mikono.

"Afande, mwili unafika lini?"

"Mwili wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Shemeji, mume wako mzima. Nimezungumza naye mchana. Lililolala ni gari."

Shemeji yule yupo hapa leo, na koplo wake pia, sasa ni mstaafu mwenye kitambi. Anasema alimpiga marehemu kofi kwanza, ndipo akamkumbatia. Tangu siku hiyo Hakikisha hakutuma ujumbe tena. Alipiga simu, na kabla hata ya salamu alianza na maneno yale yale: "Mwenye gari mzima. Tunazungumzia gari." Familia za askari zilikuja kuyapenda maneno hayo. Wapo akina mama waliompigia bila shida yoyote ya bima, ili tu wayasikie.

Mwaka 2017 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia apunguze wasiwasi, naye akamuuliza daktari kama ana hakika. Binti yake mkubwa, aliyekuwa karani wa shule, aliacha kazi akachukua meza ya langoni. Baba alimwachia kiti lakini daftari akabaki nalo, na kila jioni alimpigia kuuliza yaliyolala na yaliyoamka. Binti alirithi kila kitu, pamoja na jicho lisilofumba.

Jumatatu tarehe 12 Februari mwaka huu alizidiwa, akalazwa wodi ya moyo, kitanda cha tisa. Kikosi kilikuwa kinarudi mwisho wa mwezi na magari kumi na moja yalikuwa yamelala. Binti alifika kila asubuhi na kila jioni, na kila alipoingia aliulizwa maswali mawili. La kwanza, "Yamebaki mangapi?" La pili, "Umekuja na nini?"

"Na basi, baba."

"Vizuri. Basi lina bima yake."

Hapa binti ameomba tuandike ukweli. Hakuja na basi hata siku moja. Alikuja na gari la baba yake, lile dogo la kijani, kwa sababu hospitali iko mbali na roho yake haikuwa na subira ya kituoni. Alidanganya ili mgonjwa asikae akimfikiria kwenye foleni. Stika alikuwa anaiona kwenye kioo. Ilikuwa na miezi mitano.

Alhamisi tarehe 29 Februari yalibaki magari mawili, na saa mbili na nusu asubuhi likabaki moja, la fundi mitambo wa kikosi. Simu yake haikupatikana. Binti akapiga nyumbani, akaambiwa ndege imewahi kwa siku nzima, na mdogo wake fundi anajiandaa kwenda kumpokea. Na nini? Na gari la kaka yake, si lipo tu hapo uani? Binti akakata simu. Miaka ishirini na tisa, na baba yuko kitandani, na safu ya pili ina nafasi moja tupu. Alishika usukani akakimbia mji mzima, akipita kwenye taa za njano. Alifika gari la fundi likiwa limeshatoa pua nje ya geti, injini inanguruma. Akaliziba kwa lile la kijani, akashuka, akaweka viganja viwili kwenye boneti.

"Shemeji, zima."

"Kaka yupo uwanjani ananisubiri."

"Najua. Zima kwanza, limelala hilo."

"Si hili hapa linanguruma, dada?"

"Linanguruma likiwa limelala. Zima, nakuomba. Baba yangu yuko hospitali ananiuliza hili gari."

Yule kijana akazima. Binti alipiga simu makao makuu akiwa amekaa chini kwenye changarawe, akasoma namba, akasubiri, akaongezwa kusubiri. Uthibitisho ulitoka saa tatu na dakika kumi. Fundi alichelewa kupokelewa, akanuna, baadaye akaelewa, na leo ni mmoja wa wanaobeba jeneza.

Binti akarudi wodini. Hakikisha aliuliza, "La kumi na moja?"

"Limeamka, baba."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi."

Akaomba daftari, akaandika mwenyewe, mwandiko ukiteremka kama ngazi. Kisha akauliza, "Umekuja na nini?" Binti akajibu, "Na basi." Akatabasamu, akamwambia akapumzike. Ijumaa tarehe 1 Machi, saa kumi na robo alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono, aliaga dunia.

Jumapili binti alifungua daftari kutafuta namba za wateja wa kuwaarifu. Kwenye ukurasa wa mwisho, peke yake, alikuta namba ya gari la kijani. Limelala: 13 Februari. Sababu: Mwenye gari amelazwa. Baba aliwapigia makao makuu akiwa kitandani, siku ya pili tu, na karani wa huko alidhani binti anajua. Kwa siku kumi na saba binti alikuwa akiendesha gari lililolala. Aliliendesha hadi kwenye geti la fundi mitambo kwenda kumzuia mtu asiendeshe gari lililolala, na kama angemgonga mtu kwenye zile taa za njano, angebaki akisema neno la Kijiko.

Alilia siku ile kuliko siku ya msiba wenyewe. Mama alimwambia, "Bora hakujua. Angekufa kabla ya siku yake." Alitaka jambo hili lifunikwe. Binti alikataa, akamwambia msomaji huyu, "Andika, baba mdogo. Yeye angetaka liandikwe." Basi limeandikwa, na limesomwa mbele yake, na sisi tuliomjua tunaamini ameshamsamehe, ingawa lazima amemuuliza kwanza kama kuna aliyeumia. Hakuna, kaka. Tumehakikisha.

Gari la kijani lilikaa uani bila kuguswa hadi jana. Jana, Jumatano, mama na binti walikwenda makao makuu kwa basi. Kwa saini ya mama, ambaye jina lake lilikuwamo kwenye bima tangu mwanzo, liliamshwa saa nne na dakika ishirini. Ndilo lililotangulia jeneza leo, polepole, na kabla ya kuondoka binti alilizunguka mara mbili na kuligonga kila tairi kwa kisigino.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu sita, mdogo wake huyu mmoja, rafiki yake Kijiko aliyekaa pale mbele, na magari mia mbili na arobaini, yote macho.

Binti alipojaribu kuwapigia wateja kuwapa taarifa, kila aliyepokea alinyamaza akisubiri yale maneno ya kuanzia, naye hakuweza kuyasema. Ametuomba tuwaambie hapa, kwa lugha ya marehemu mliyoizoea.

Gari limeamka. Mwenye gari amelala. Alale kwa amani, macho yote mawili.