Papa Firmin na Nyuzi Nyeupe Ndani ya Mashini

Tarehe 31 Julai 2024, Papa Firmin Cirhuza anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuhudumia mashini za kuchapa za Chuo cha Ufundi Tuungane, hapa Bukavu. Wakurugenzi saba wamepita. Yeye alibaki, na koti lake la bluu lenye madoa na brashi ndogo mfukoni.

Alianza mwaka 1991 na ronéo, ile ya kuzungusha kwa mkono, enzi ambazo kila mtihani ulitoka na alama ya dole gumba lake. Zilipokuja imprimante, mashini za kuchapa kwa wino wa unga, alijifunza kwa kuifungua moja juu ya shuka kuukuu, kila skrubu ndani ya kizibo chake cha soda. Alipomaliza kuifunga, skrubu moja ilibaki. Aliibeba miezi minane, mpaka siku mashini ilipoanza kugonga, akaiweka mahali pake huku akipiga mluzi.

Adui wake mkubwa ni unyevunyevu wa mvua zetu, unaofanya karatasi zishikane na kunasa. Hakuna aliyeruhusiwa kupakia karatasi bila kuzipepesa kwanza. "Iache papier ipumue, Directeur!" alimwambia hata mkubwa wetu, na mkubwa akapepesa.

Sasa naomba nisimulie jambo nililolificha miaka sita.

Mwaka 2018 nilikuwa na miezi minne tu katika sekretarieti. Siku ya kutoa brevet, vyeti vya wahitimu wetu, wazazi walikuwa wamefika kutoka pande zote, toka Miti mpaka Luberizi, misa inaendelea uani, na brevet mia moja arobaini zilikuwa bado kuchapwa. Baada ya ya tisa, mashini ikazima kwa joto. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa tayari anafikiria kufuta kazi ya Papa Firmin na kuita mafundi wa nje. Alimwambia mbele yetu sote kwamba brevet zisipotoka kabla ya misa kwisha, Jumatatu arudishe funguo.

Papa Firmin akaifungua. Kwenye feni akavuta nyuzi nyeupe, ndefu, zimejisokota.

Nilizitambua papo hapo. Zilikuwa zangu. Nilikuwa naifunika mashini ile kwa kitambaa nilichofuma kwa mkono, kama tunavyofunika televisheni nyumbani, ili ipendeze na isipate vumbi. Papa alikuwa amenikataza, kwa hiyo nilikitoa kila aliposikika akija. Alizitazama nyuzi, akanitazama, akazitia mfukoni. Mkurugenzi akauliza ni nini.

"Ni buchafu tu, Directeur. Kosa ni yangu, sikuifungua toka Pâques."

Eti tangu Pasaka, yeye aliyeifungua kila Ijumaa! Kazi yake ilikuwa inaning'inia, naye akajibebesha kosa langu. Nami nikamwacha alibebe. Niliona haya, na bado naona.

Alisafisha feni kwa brashi, kisha akafanya lile gumu kuliko yote: akaacha mashini ipoe. Dakika ishirini alikaa akipepesa karatasi taratibu, huku Mkurugenzi akitazama saa. Halafu akabonyeza. Ya kumi ikatoka, safi. Ya ishirini. Ya mia. Ya mwisho niliibeba mbio ikiwa bado na joto, kwaya ikimalizia wimbo wa kutoka, na vigelegele vikapasua ua mzima. Jumatatu hakuna aliyedai funguo. Badala yake Mkurugenzi aliagiza kabati la kutunzia karatasi, na tangu siku hiyo hakuna brevet iliyochelewa chuoni hapa.

Wiki iliyopita, akikabidhi vifaa, Papa Firmin alinipa kikaratasi kilichokunjwa. "Maman Monique, hii njo yako." Ndani mlikuwa na zile nyuzi.

Basi wote wasome: mwenye kosa nilikuwa mimi. Yeye hakukosea.

Asante, Papa Firmin, kwa kila ukurasa uliotoka mikononi mwako. Unakwenda Miti kwenye maharagwe yako na wajukuu. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Zawadi yangu ni kitambaa kipya, nilichokifuma kwa uzi uleule mweupe. Kitandike mezani, ule juu yake kwa raha. Hapa ofisini sifuniki tena kitu.