Chupa Nilizoziosha Mwenyewe

Sogeeni wanangu, sogeeni hapa, na wewe baba, kitindamimba wangu, weka hiyo simu mfukoni, friji za watu zitangoja. Mama yenu leo anazungumza kwa shida na hana nguvu ya kurudia neno mara mbili. Pazia liacheni wazi. Na wewe mama, binti yangu wa kwanza, kaa upande huu nikuone uso, kwa maana mengi nitakayosema ni yako, na hayatakufurahisha.

Ya nyumba ni mepesi, niyamalize. Nyumba hii ni yenu wawili, sawasawa, asiuze mmoja bila mwenzake. Vitabu vyangu vipelekeni maktaba ya chuo, wasipovitaka msiwabembeleze. Gari ni la mdogo wako, nawe usinune, tangu lini ukajua kubadilisha hata tairi? Basi, hayo yamekwisha. Sasa nisikilizeni kwa lile lililoninyima raha miaka kumi na tisa.

Wewe baba, fundi wangu wa friji, hukuwahi kuniuliza kazi yangu hasa ilikuwa nini, kwa hiyo nitasema kwa maneno ya kawaida. Jani la mti likipigwa na jua, elektroni ndani yake inashtuka, inaruka kutoka molekuli moja kwenda nyingine, na kwa nguvu ya huko kuruka jani linajipikia chakula kwa maji na hewa ya ukaa. Mimi nilitaka jambo hilo litokee ndani ya chupa: rangi nyekundu inase mwanga, chembe za metali zipokee elektroni, na mwishowe hewa ya ukaa igeuke spiriti, mtu awashe jiko bila kukata mti. Elektroni iliruka. Hilo ni kweli, nimelipima mara elfu, na hata nikifa leo litabaki kuwa kweli. Lakini iliruka ikarudi ilikotoka, papo hapo, kabla metali haijafanya nayo lolote. Miaka kumi na mmoja, inaruka inarudi, naingia maabara asubuhi natoka jioni mikono mitupu, na wenzangu wananiita Mama Majani huku wakijifanya wanatania.

Mnamkumbuka Bwana Sabuni, yule mwoshaji wa vyombo vya maabara? Alikuwa na utaratibu wake: maji ya moto na sabuni, kisha maji safi mara saba, kisha chupa zilale ndani ya oveni mpaka zikauke kabisa, na ole wako uguse moja kabla hajasema tayari. Wiki moja akafiwa na mkewe, akaenda kuzika. Mimi nilikuwa na haraka, ripoti inadaiwa, nikaziosha chupa sita mwenyewe, nikazisuuza kwa spiriti ili zikauke upesi, nikazitikisa, nikaona zimekauka. Wapi! Nikatia rangi na maji, nikaziweka kwenye taa. Chupa ya saba, ile ya kulinganishia, inayofungwa karatasi ya foili ili ikae gizani, nikaitoa kabatini, na hiyo alikuwa ameiosha yeye kabla hajaondoka. Jioni mashine ikasoma: chupa sita za mwanga zina spiriti, ya gizani haina hata tone. Jamani! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani nimeungua.

Makala ikachapishwa, jina langu likaandikwa mlangoni. Bwana Sabuni, aliyebaki kwao kwenye matanga miezi kadhaa, akarudi, akaosha chupa kama kawaida yake, na spiriti ikatoweka. Akanifuata ofisini, akasimama pale mlangoni, akasema, “Mama, hili jani lako linafanya kazi nisipokuwepo. Kwani zile chupa ulizisuuza kwa kitu gani?” Swali hilo, wanangu, maprofesa wote waliosoma makala ile hawakuliuliza. Nilijua palepale: ile spiriti ilikuwa mabaki ya kusuuzia, si kazi ya mwanga. Na badala ya kumshukuru, nikamwambia sabuni yake ndiyo inayoharibu metali, nikaandika barua, akafukuzwa kazi mwezi uleule, mtu aliyetoka kumzika mkewe. Sasa anaosha magari pale kituo cha mafuta. Nilikuwa nikipita najitia simwoni, na siku moja akanipungia mkono. Akanipungia mkono, mimi!

Nilijidanganya kwamba kesho nitapata spiriti ya kweli na hakuna atakayejua. Kesho hiyo haikuja. Ukaja wewe, mama, ukasomea kemia kwa kunipenda, tukaandika makala ya pili wawili, na zile chupa nilizisuuza mimi kwa spiriti, makusudi, nikikwambia nenda kapumzike. Leo maabara ni yako, na Jumatatu mnakaa kikao kumfukuza mwanafunzi wako kwa sababu miaka mitatu hapati spiriti. Mzembe, mnasema. Juzi ulipolalamika hapa kitandani nikakuuliza anaoshaje chupa zake, ukasema anazikausha kwenye oveni, ana usafi wa kupindukia. Nikageukia ukutani nikalia, ukadhani ni maumivu. Mtoto wa watu anafukuzwa kwa kuosha vizuri!

Chini ya mto huu kuna barua. Inazifuta makala zote mbili, na inaeleza zile chupa. Saini yangu ipo, imepinda lakini ipo. Makala ya pili tuliandika wawili, kwa hiyo barua inataka na saini yako. Najua itakuvunja, watasema maabara yote ni ya uongo, na mimi ndiye niliyekuingiza humo. Nakuomba hata hivyo. Nakupigia magoti, nami magoti sina tena.

Nini? Sema kwa sauti, mama, sikusikii.

Ulijua?

Tangu ile makala yetu... uliikuta galoni ya spiriti kando ya sinki, ukaelewa, ukanyamaza. Kwa ajili yangu. Ee Mungu wangu. Mimi nanyamaza nisikuharibie wewe, wewe unanyamaza usiniaibishe mimi, miaka yote tunakula meza moja. Na huyo binti wa watu, mwanafunzi wako, je? Jumatatu ungeinua mkono afukuzwe, huku unajua? Usinijibu. Nimeona usoni.

Usilie, hakuna muda wa kulia. Baba, niinue kidogo... hapo, hapo. Wewe, baba, utaipeleka barua chuoni kabla ya kikao, kwa mkono wako, usimpe mtu. Ukitoka huko nenda kituo cha mafuta, umwambie yule mzee kwamba alisema kweli na mimi nilijua. Usinitetee. Akikutukana, mwitikie naam.

Baraka yako wewe chukua, baba: uende salama, urudi salama, watoto wako wakusikilize kuliko ulivyonisikiliza mimi. Amina. Umeipata.

Yako, mama... yako ninayo hapa mdomoni. Kalamu iko mezani, karibu na dawa. Sitaki kuitamka kabla hujasaini, na sitaki kufa sijaitamka. Siioni tena karatasi. Nasikia tu unavyopumua. Shika kalamu, mwanangu. Nakungoja... fanya haraka.